Pengo la Nane

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza jana mchana, kwa hiyo kamba za nje hazina kazi. Kila mwaka ni hivi. Mvua ikishika tunarudi ndani sote, watu na mashuka, na chumba cha kukunjia kinanuka sabuni na jasho mpaka Mei.

Naandika nyuma ya daftari la kupokelea mashuka. Kurasa za mbele ni mwandiko wangu pia: wodi ya kwanza mashuka arobaini, wodi ya pili thelathini na sita, na kadhalika, madaftari ya miaka thelathini na miwili, na hakuna aliyewahi kuyasoma kwa raha. Sasa nimeanza kuandika mengine kwa sababu Wifi ana uvimbe kooni. Daktari amesema uvimbe wenyewe si mbaya, mbaya ni mahali ulipokaa, jirani na mishipa ya sauti. Upasuaji umepangwa tarehe kumi na nne Mei. Sauti huenda ikarudi, huenda isirudi. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ataruhusiwa kunywa chai ya moto.

Wifi ni mjane wa kaka yangu. Tumekunja mashuka ya hospitali hii pamoja, yeye upande ule, mimi upande huu, tangu tukiwa na viuno. Yeye ndiye mwenye hadithi na nyimbo. Mimi ni mkuu wa meza. Kama atanyamaza, basi itabidi angalau mmoja wetu awe na kumbukumbu.

Jumatano, 13 Machi

Mashuka mia mbili na kumi na mbili. Mashine moja ya kukaushia imekufa tena.

Ijumaa, 15 Machi

Binti wa kaka amekuja kutusomea. Tunamwita Profesa, ingawa chuo chake bado hakijakubaliana nasi. Anaandika kitabu juu ya roki ya pengo, chimbuko lake na maudhui yake, na kila sura ikiiva anakuja kuisoma nyumbani kwa mama yake, mimi nikiwa pale kama kawaida.

Kwa atakayeokota daftari hili bila kuujua muziki huo: ni gitaa la umeme na ngoma nzito za roki, lakini wimbo wenyewe unakwenda kama nyimbo za wanawake wakiwa kazini, neno moja kwa pigo moja, bila haraka. Mapigo ni saba. La nane halipigwi. Gitaa linanyamaza, ngoma zinanyamaza, na kwenye tamasha watu elfu kadhaa wanafunga midomo kwa pamoja, halafu wanaanza upya. Hilo ndilo pengo. Vijana wanalipenda kuliko wimbo wenyewe.

Wimbo wa kwanza kabisa wa aina hiyo una maneno saba tu, yanazunguka: njoo, nipe, rudi, shika, nyoosha, tikisa, inua. Halafu kimya. Halafu njoo tena.

Profesa ana kurasa kumi na moja juu ya neno "rudi" peke yake. Anasema ni mwito kwa waliokufa. Anasema "nipe" ni madai ya wanyonge na "inua" ni bendera. Kuhusu pengo, anasema wapo wanaosema ni wafungwa, wapo wanaosema ni pumzi ya mwisho, na mpiga gitaa mwenyewe aliyeuanzisha, yule wanayemwita Kitasa, aliwahi kusema redioni kuwa ni mahali ambapo moyo unashindwa.

Nilikuwa nimeuma mdomo wa ndani mpaka basi. Wifi alikuwa ametupa mgongo, anasuuza kikombe. Alikisuuza mara tatu. Nikajua naye anajizuia kucheka.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nina nafasi, kwa hiyo nitaandika ukweli, maana hakuna kitabu kingine utakamoandikwa.

Maneno yale ni ya kukunja shuka. Hakuna zaidi. Watu wawili wanasimama mbali, kila mmoja na ncha mbili. Njoo, mnasogeleana. Nipe, mmoja anampa mwenzake ncha zake. Rudi, anarudi chini kuliokota pale lilipoinamia. Shika, nyoosha, tikisa. Inua, mnalipandisha juu lisiguse sakafu. Hapo ni lazima kila mmoja akutanishe ncha zake mbili. Mashuka ya zamani yalikuwa mapana kama uwanja, na Wifi ni mfupi, mikono yake haikutosha. Kwa hiyo alishika katikati ya pindo kwa meno, kisha akakutanisha ncha. Na mtu mwenye shuka mdomoni haimbi.

Hilo ndilo pengo la nane. Ni meno ya wifi yangu.

Hatukumwambia mtu kwa sababu ukutani, juu ya meza, pamekuwa na tangazo tangu enzi za matroni wa kwanza: MDOMO NA SHUKA MBALIMBALI. Matroni yule alimfukuza msichana kwa kosa hilo hilo, mbele yetu, asubuhi, na jioni kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Mimi ndiye niliyepaswa kuripoti. Sikuripoti. Wifi aliniapisha, nikaapa, na baada ya mwaka hivi nikaanza kuusikia wimbo wetu kwenye redio ya muuza duka, umevaa gitaa.

Namna ulivyotoka chumba chetu ukafika redioni sijawahi kuelewa. Nimemhesabu Kitasa kuwa mwizi kwa miaka yote hii, na sijaona sababu ya kubadili.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Wifi anaimba kama kawaida. Sauti inakwaruza kidogo kwenye "tikisa".

Jumatatu, 25 Machi

Nimepata jibu la lile swali la miaka yote, na nimelipata kwa njia ya kijinga.

Profesa amekuja kazini, ameloa, hajafunga mwavuli. Amemhoji Kitasa wiki iliyopita. Kitasa amemwambia jambo ambalo hajawahi kulisema: kwamba yeye na wenzake watatu walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye stoo ya hospitali, nyuma ya ukuta wa chumba cha kukunjia, ngurumo za mashine za kufulia zikimeza kelele zao. Mjomba wake ndiye aliyekuwa mtunza stoo. Aliwaingiza mchana, akafunga kwa nje matroni asijue, akawafungulia saa za kutoka. Ndiyo asili ya jina Kitasa. Humo ndani walisikia kupitia tundu la hewa mwanamke akiimba. Hawakumwona hata siku moja, wangemwonaje na wamefungiwa. Kwa sababu ya mjomba hakusema neno. Mjomba amezikwa mwaka jana, kwa hiyo sasa amesema.

Profesa alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akaniuliza, "Shangazi, mwaka ule nani alikuwa anaimba humu?"

Mimi siimbi, hilo linajulikana ukoo mzima. Nikamtazama Wifi. Wifi alikuwa ameinua shuka, vikaonekana vidole tu.

"Nilikuwa mimi," alisema nyuma ya shuka.

Binti alikaa juu ya kapu la nguo chafu. Miaka minne anautafuta mwanzo wa muziki ule kwenye maktaba za watu, na mwanzo ndio uliomnyonyesha. Nilitaka kucheka lakini uso wake haukuruhusu.

Jumatano, 27 Machi

Profesa anataka mama yake arekodiwe kabla ya tarehe kumi na nne Mei. Anataka sauti ibaki na jina liandikwe. Kitasa yuko tayari kuja na vyombo. Wifi amesema hapana.

Alisema hapana jinsi anavyokataa sukari ya pili kwenye chai. Profesa amelia garini.

Alhamisi, 28 Machi

Najua kwa nini anakataa. Anaogopa tangazo la ukutani. Wakirekodi, watauliza pengo limetoka wapi, na hawezi kusema bila kusema meno. Miezi mitano tu imebaki astaafu. Anataka kuondoka na heshima yake.

Mkuu wa meza ni mimi. Kama kuna wa kulibeba, ni mimi.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kubwa, maji yameingia mpaka mlango wa mashine. Tumekunja tukiwa na mabuti.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Msimamizi kuungama. Ni kijana wa umri wa kuwa mwanangu, anavaa tai hata siku za mafuriko, na ana kipimajoto mfukoni cha kupimia maji ya kufulia. Nilikuwa nimejiandaa tangu Jumatatu. Nilisimama, nikakataa kiti, nikamweleza kuwa kwa muda wa miaka thelathini na kitu mfanyakazi wa meza yangu amekuwa akishika mashuka kwa meno, kwa ufahamu wangu na ulinzi wangu, na kama kuna barua ya onyo iandikwe kwa jina langu.

Alifikiri kidogo. Akauliza ni kabla ya pasi kubwa au baada. Nikamwambia baada, kukunja ni baada. Akasema hapo sasa ni kosa, kwa kuwa pasi ndiyo inayoua vijidudu. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba wimbo ule umetoka humu, maana mkewe aliingia ukumbini kwenye harusi yao kwa wimbo ule.

Barua haikuandikwa. Alichofanya ni kunifuata mpaka chumbani, akalisoma lile tangazo kama vile hajawahi kuliona, akasema lina wino mbaya. Jumamosi mchana, kazi ikiisha, wanaruhusiwa kurekodi.

Nilitembea kurudi mezani nikiwa mwepesi. Nikamwambia Wifi njia ni nyeupe, hakuna la kuogopa, nimelisema lote na hajafukuzwa mtu.

Aliacha kukunja. Akaniuliza nani alinituma.

Jumamosi, 6 Aprili

Hakuimba leo. Tumekunja mia moja na tisini kimya.

Jumatatu, 8 Aprili

Kimya.

Jumanne, 9 Aprili

Kimya. Bila wimbo tunagongana. Nimempa ncha kabla hajafika, amerudi kabla sijashika. Mara mbili shuka limeanguka. Wasichana wa meza ya pili wanatutazama.

Ijumaa, 12 Aprili

Wifi amesema neno "chumvi" wakati wa chakula cha mchana, nami nikampa. Ndiyo mazungumzo yetu ya wiki.

Nimekasirika, naandika wazi. Nimeitoa shingo yangu kwa ajili yake, na ameniangalia kama mtu aliyemwibia. Zimebaki siku thelathini na mbili za sauti ile, na anazitumia kuninunia.

Alhamisi, 18 Aprili

Kitasa amekuja mwenyewe. Profesa hakumtuma, nimemuuliza.

Nilimtarajia mtu wa kwenye picha: miwani myeusi, kifua mbele. Amekuja mzee mwenye koti la mvua lililoshonwa bega, na sikio moja lenye kifaa. Wifi alikuwa kliniki kwa vipimo, kwa hiyo nilikuwa peke yangu, nakunja foronya. Aliomba aione stoo. Nikampeleka. Siku hizi tunawekea madaftari ya zamani. Alisimama katikati, akanyoosha mkono, akaligusa lile tundu la hewa bila kulitafuta.

Akaniambia walikuwa vijana wa kupiga kelele tu, wanaiga kila kitu cha redioni, na hawakuwa na wimbo hata mmoja wa kwao. Siku moja umeme ukakatika. Magitaa yakanyamaza, na ndipo wakamsikia. Walikaa sakafuni saa nzima. Akasema, "Mama yule alikuwa anafika mahali anashindwa, kisha anaanza tena. Anashindwa, anaanza tena. Tulikuwa hatujui kuwa muziki unaruhusiwa kufanya hivyo."

Hapo ndipo uovu uliponiingia. Nilikuwa nimelala na hasira wiki mbili. Nikamwambia hakuna aliyekuwa anashindwa. Nikamweleza meno, neno kwa neno, na mikono nikamwonyesha. Nilimwambia watu wake elfu kadhaa wanaofunga midomo tamashani wanaifunga kwa heshima ya pindo la shuka. Nilitaka kuona uso wake ukianguka.

Haukuanguka. Alicheka kweli, mpaka akashika rafu. Kisha akauliza mashuka yana upana gani. Nikamwonyesha ya leo. Akasema haya ni membamba, hata yeye angeweza kukutanisha ncha bila meno. Nikamwambia yale mapana yaliondolewa zamani, vitanda vilipobadilishwa.

"Lini?" aliuliza.

Nikahesabu. Mwaka ule Profesa alikuwa anaanza darasa la kwanza. Miaka ishirini na tano na ushee.

"Sasa tangu hapo," alisema, "anauma nini?"

Nikarudi kwenye foronya zangu. Sasa naandika, na chai imepoa.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimelala vibaya.

Nimefikiri hivi: nimesimama mbele ya Wifi zaidi ya miaka thelathini, hatua tano mbali naye, na pale kwenye pigo la nane sijawahi kumwona. Yeye ni mfupi, anainua mikono juu kabisa, na shuka linamfunika kuanzia kilemba mpaka magoti. Nimekuwa nikiona vidole vyake. Mengine nimejaza mwenyewe.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefanya jambo nisilowahi kulifanya mezani. Tulipofika inua, sikuinua. Nililishusha shuka mpaka kiunoni.

Wifi alikuwa na pindo mdomoni, katikati ya meno, kama nilivyoamini siku zote. Macho yake yalikuwa yamefumbwa na uso wote umekunjamana. Haikuwa sura ya mtu anayekutanisha ncha. Alipohisi mwanga akafumbua macho, akaniona, na hakuficha. Alitoa pindo mdomoni, akalifuta kwa upande wa kanga yake, taratibu.

Nikamuuliza tangu lini.

Alisema, "Tangu lile shuka la kaka yako."

Kisha akasema yafuatayo, na nayaandika bila kupunguza. Kaka yangu alifia wodi ya sita ya hospitali hii hii, Profesa akiwa na miezi minne. Mashuka ya wodi ya sita yana uzi mwekundu kwenye ncha. Wiki moja kabla, Wifi alikuwa ameshona shuka moja la wodi hiyo lililochanika, na kwa kuwa uzi mweupe ulikwisha, alitumia mweusi. Alipoenda kumwona mumewe, alikuta ndilo lililotandikwa kitandani kwake. Walicheka pamoja juu ya mshono ule. Kaka alilala juu yake siku nne, mpaka mwisho. Tukazika. Tukapewa siku tatu, tukarudi kazini. Siku ya pili ya kurudi, lile shuka lilishuka na mengine, limefuliwa, limepigwa pasi, na likafika mezani kwetu.

"Ulikuwa umeshika ncha zako mbili," aliniambia. "Tukalikunja. Nililiuma ili matroni asinisikie. Likaenda juu wodini, baada ya siku mbili likashuka tena. Sikujua litakuja lini, kwa hiyo nikawa nauma yote."

Niliuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani unajua, wifi. Alikuwa kaka yako. Nilidhani ndiyo maana wewe huimbi."

Siimbi kwa sababu sina sauti. Hakuna sababu nyingine, na sijawahi kutafuta. Sikumwambia. Nilisema nikachukue foronya, nikaenda stoo, nikafunga mlango kwa ndani. Nilihisi aibu, na nataka iandikwe hapa kuwa ni aibu, si huzuni. Huzuni ilikuja baada ya chakula.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeingia stoo na taa, nikatafuta kwenye madaftari. Nimelipata la mwaka ule, lenye jalada la kijani. Tarehe ile ile, kwa mwandiko wangu uliosimama vizuri kabisa: Wodi ya sita, mashuka ishirini na nane, moja lina mshono wa uzi mweusi.

Niliandika hivyo, kisha nikaandika wodi ya saba.

Ijumaa, 26 Aprili

Wifi ameanza kuimba tena. Hakunitangazia. Tulikuwa katikati ya foronya, nikasikia "njoo" na nikaenda.

Jumapili, 28 Aprili

Amekubali kurekodiwa. Amemwita binti yake jikoni, akamketisha, akamwambia habari ya matroni, mikono mifupi na meno. Profesa alicheka mpaka machozi, kisha akauliza kama hayo ndiyo yote. Wifi akanitazama mimi.

"Andika meno," alimwambia binti yake. "Meno ni kweli. Muziki wa watu wanaofanya kazi, andika hivyo, na aliyeuanza alikuwa mfupi."

Baadaye, tukiosha vyombo, nikamwambia kuwa yule mwingine, Kitasa, alisikia sawasawa. Alikuwa nyuma ya ukuta, amefungiwa, hajawahi kumwona uso, na alisikia. Wifi alisema ndiyo, wapo watu wenye masikio. Hakumaanisha kunichoma. Nilichomeka hata hivyo.

Nilikuwa nimemwita mwizi miaka yote hii. Naliondoa neno hilo.

Jumamosi, 4 Mei

Tumerekodi. Kitasa alileta gitaa moja dogo na kipaza sauti kimoja, ngoma hakuleta. Alisema ngoma zipo tayari humu, akataka mashine ya kufulia iachwe inazunguka. Msimamizi aliileta tai yake mpya. Tangazo la ukutani limeondolewa. Palipokuwepo pamebaki rangi safi.

Kitasa alitaka kipaza sauti kiwe mbele ya Wifi, kwa hiyo ilibidi tukunje chini chini, shuka lisizibe. Mara kumi na mbili tumezunguka. Mara kumi na mbili nimemtazama pale kwenye la nane na sikuangalia pembeni. Sauti ilikwaruza kwenye tikisa na kwenye inua. Kitasa alisema isirekebishwe kitu.

Walipomaliza, Profesa alisimama na daftari lake la maswali, hakuuliza hata moja. Alikwenda akamshika mama yake ncha ya kanga.

Jumatano, 8 Mei

Mvua inapungua. Mashuka mia na sabini.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemsindikiza Wifi wodini. Wamemweka wodi ya sita. Niliuliza kama kuna kitanda kwingine, muuguzi akasema wodi zote zimejaa. Wifi akasema nisisumbue watu. Alilikagua pindo la shuka lake kwa vidole, uzi mwekundu upo, hakuna mshono. Akasema, "Wasichana wa siku hizi hawashoni kitu, wanatupa tu," akalala.

Jumanne, 14 Mei

Upasuaji ulikuwa saa tatu asubuhi. Profesa alibaki juu. Mimi nimekuja kazini, kwa sababu mashuka hayangoji, na kwa sababu sijui kukaa kwenye benchi.

Wasichana wawili hawakuja, kwa hiyo Msimamizi alikunja mikono ya shati akasimama upande wa Wifi. Hajui kitu. Anavuta asipotakiwa kuvuta. Baada ya mashuka sita niliona hatutafika, na nikaanza kumwongoza kwa maneno. Njoo. Nipe. Rudi. Nilipofika la saba niligundua kuwa nimeimba. Sauti ni mbaya kama nilivyokumbuka.

Saa nne na nusu yalishuka ya wodi ya sita. Uzi mwekundu. Wanaokwenda kupasuliwa hubadilishiwa shuka alfajiri, kwa hiyo moja kati ya yale lilikuwa la Wifi, na yote yako sawa, meupe, yamepigwa pasi, hayasemi. Huwezi kujua ni lipi. Mimi ni mkuu wa meza na nimeyahesabu mashuka ya wodi hiyo tangu ujana wangu, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeogopa kulishika moja.

Tulikunja. Shika, nyoosha, tikisa, inua. Nikalishika pindo kwa meno.

Lina ladha ya joto na sabuni kidogo. Niliuma. Nyuma ya shuka Msimamizi akaniuliza, "Mama, mbona umenyamaza?" Sikumjibu, nilikuwa sina mdomo. Tuliyakunja yote ishirini na sita ya wodi ya sita, na niliuma yote.

Saa saba Profesa amepiga simu. Ametoka salama. Haruhusiwi kusema hata neno kwa siku kumi, na baada ya hapo ndipo watajua.

Ijumaa, 17 Mei

Nimemwona. Anaandika kwenye karatasi. Ameandika: nani anakunja upande wangu? Nikamwambia. Ameandika: maskini mashuka.

Jumatatu, 20 Mei

Jua siku nzima. Tumerudi kwenye kamba za nje.

Ijumaa, 24 Mei

Siku ya kumi. Daktari alikuwepo, na Profesa na kinasa sauti chake, ambacho nilimwambia akizime na akakizima. Daktari akamwambia Wifi ajaribu neno moja, fupi, lolote, asilazimishe.

Wifi alifikiri. Alifumba macho kidogo na akakaza midomo, na safari hii hapakuwa na shuka kati yetu. Chumba chote kilinyamaza. Nilihesabu, na kimya kilikuwa kirefu kuliko cha nane.

Kisha akafumbua macho akanitazama. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na imechanika katikati, sikuitambua, lakini neno nililitambua.

"Njoo," alisema.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kitandani. Nikaenda.